Wasomaji Wanauliza: Mtihani wa Nadharia wa Leseni ya Lori Nchini Marekani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinagusa jambo moja. Wasomaji wetu walioko Marekani, ambao wengi wao wametoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, wanataka kuendesha malori makubwa, na kabla hawajakabidhiwa usukani wanakutana na mtihani wa nadharia wa leseni ya biashara, ile ambayo huko kila mtu anaiita CDL. Anayejibu ni dereva mstaafu ambaye aliupitia mtihani huo mwenyewe, na sasa huwasaidia wenzake wa jumuiya kujiandaa. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka 11 niliendesha semi-trela kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi, nikipitia Tunduma na Kasumbalesa, na sikuwahi kuangusha gari hata siku moja. Nilipofika hapa nilidhani leseni ya lori itakuwa kazi ya wiki mbili. Nimefeli mtihani wa maarifa ya jumla mara mbili: mara ya kwanza nilipata maswali 33, mara ya pili 37. Vijana ambao hawajawahi kushika usukani wa Fuso wamefaulu mbele ya macho yangu. Kosa langu ni nini?
Dereva wa zamani, Louisville, Kentucky

JIBU: Kaka yangu, kosa lako ni kwamba unajua kuendesha, na hilo silisemi kwa utani. Mtihani wa maarifa ya jumla una maswali 50 ya kuchagua jibu, na ili ufaulu unatakiwa kupata asilimia 80, yaani maswali 40. Wewe uliyepata 37 umepungukiwa na matatu tu. Nina hakika hayo matatu hukuyakosa kwa kutoijua kazi. Uliyakosa kwa sababu uliyajibu kwa mazoea ya barabara ya Tunduma, ilhali mtihani umetungwa kutoka kwenye kitabu. Kitabu chenyewe ni mwongozo wa leseni ya biashara wa jimbo lako, ambao hupatikana bure kwenye tovuti ya ofisi ya leseni. Yule kijana ambaye hajawahi kushika usukani hana mazoea ya kumpotosha. Amesoma ukurasa, akaulizwa kilichomo kwenye ukurasa, akajibu.

Nitakupa swali lililonikwamisha mimi mwenyewe nilipofanya mtihani huo kwa mara ya kwanza. Niliulizwa, kati ya lori tupu na lori lenye mzigo, ni lipi linalohitaji umbali mrefu zaidi ili lisimame. Nilicheka moyoni, nikachagua lenye mzigo, nikakosa. Mwongozo unaeleza kwamba breki, tairi, springi na vidhibiti mtikisiko vya lori kubwa vimetengenezwa vifanye kazi vizuri zaidi gari likiwa limebeba, kwa hiyo lori tupu halishiki barabara sawasawa, linarukaruka, magurudumu yanajifunga, na umbali wa kusimama unaongezeka. Ukikumbuka jinsi tela tupu lilivyokuwa likikudundia kwenye mashimo ukirudi bila mzigo, utaona kwamba jambo hilo ulikuwa unalijua siku zote, ila hakuna aliyewahi kukuuliza kwa namna hiyo.

Chukua na suala la kuteremka mlima. Umeshuka Kitonga na shaba mgongoni mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu, na kila dereva wa njia ile ana namna yake: wapo wanaogusa breki kidogo kidogo mfululizo, na wapo wanaoziegemea mpaka harufu ya bitana za breki inaingia ndani ya kabini. Mtihani hautaki namna yako. Unataka useme kwamba gia ndogo huingizwa kabla ya kuanza mteremko, kwa kuwa gari likishachukua kasi huenda usiweze tena kuishusha gia; kwamba kinachobeba kazi ni nguvu ya injini kulizuia gari, na breki ni msaidizi tu; na kwamba ukishafikia kasi uliyoichagua kuwa salama, tuseme maili 40 kwa saa, unakanyaga breki kwa nguvu ya kutosha kuhisi gari likipungua, unashuka mpaka maili 35, yaani maili 5 chini ya kasi ile, kisha unaachia kabisa. Hatua hiyo ya kukanyaga huchukua takriban sekunde 3. Gari likipanda tena hadi 40, unarudia. Sababu ni joto, kwani breki zinapopata moto kupita kiasi hupoteza nguvu, na dereva hulazimika kukanyaga zaidi na zaidi kupata matokeo yaleyale, mpaka inafika mahali anakanyaga na hakuna kinachotokea. Ukiijua sababu hiyo, hata swali likipinduliwa namna gani utalijibu.

Kuna pia tarakimu ambazo hazina njia ya mkato, nazo zinatolewa kwa maili na futi wakati wewe kichwa chako kinahesabu kwa kilomita na mita. Mwongozo unasema kwamba kwa kasi ya maili 55 kwa saa, ambayo ni karibu kilomita 88, dereva aliye macho hutumia futi 142 mpaka akili yake itambue hatari, kisha futi 61 mpaka mguu ukanyage breki, kisha futi 216 breki zikifanya kazi kwenye lami kavu. Jumla ni futi 419, yaani mita 128 hivi, ambazo zinazidi urefu wa uwanja wa mpira. Kumbuka pia kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa breki huongezeka mara nne, si mara mbili. Hilo huulizwa sana.

Kuhusu kuacha nafasi mbele, hesabu yake ni sekunde 1 kwa kila futi 10 za urefu wa gari, na ukizidi maili 40 kwa saa unaongeza sekunde 1 nyingine, kwa hiyo gari la futi 60 linahitaji sekunde 6 likienda polepole na sekunde 7 likiwa kwenye barabara kuu. Kuona mbele ni sekunde 12 hadi 15, ambazo kwa kasi ya barabara kuu ni kama robo maili. Kina cha meno ya tairi za mbele kisipungue 4/32 ya inchi, na tairi nyingine zote 2/32. Mzigo hukaguliwa kabla ya safari, tena ndani ya maili 50 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 3 au maili 150, lolote litakalotangulia. Andika tarakimu hizi kwenye karatasi moja, uibandike jikoni mahali unapokunywa chai, na uziseme kwa sauti.

Mwisho ni theluji, ambayo kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi hukuwahi kukutana nayo. Barabara ikiwa imelowa, mwongozo unataka upunguze kasi kwa theluthi moja, kwa mfano kutoka maili 55 hadi 35. Theluji ikiwa imeshindiliwa, upunguze kwa nusu au zaidi. Na juu ya barafu uende kwa mwendo wa kutambaa mpaka upate mahali salama pa kusimama. Ipo barafu nyembamba inayopitisha mwanga, ambayo hufanya lami ionekane imelowa tu. Njia ya kuitambua ni kushusha kioo cha mlango na kupapasa upande wa mbele wa kioo cha pembeni, au waya wake, au antena: ukikuta barafu pale, basi na barabarani huenda imeanza. Madaraja huganda kabla ya barabara. Na barafu inayoanza kuyeyuka huteleza kuliko ile iliyo kavu, jambo ambalo mtu wa ukanda wetu hawezi kulibahatisha, lazima alisome.

SWALI: Nina leseni ya kawaida ya gari dogo. Nianzie wapi, na kwa utaratibu upi? Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Huanza na afya. Daktari aliyesajiliwa kwa kazi hiyo anakupima macho, masikio, shinikizo la damu na mengineyo, anakupa cheti. Kisha unafanya mitihani ya nadharia katika ofisi ya leseni, na ukifaulu unapewa kibali cha mwanafunzi, ambacho wengi wetu tunakiita premiti. Ukiwa nacho unaruhusiwa kuendesha lori ukiwa na dereva mwenye leseni kamili pembeni yako, na lazima ukae nacho siku 14 ndipo ufanye mtihani wa vitendo. Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayetafuta leseni ya daraja A, yaani ya lori la tela, au B, ya lori kubwa lisilo la tela, kwa mara ya kwanza hawezi kufanya mtihani huo wa vitendo bila kumaliza mafunzo, ya darasani na ya kuendesha, katika shule iliyomo kwenye orodha ya serikali ya shirikisho. Orodha hiyo iko wazi kwenye intaneti. Itazame mwenyewe kabla hujatoa pesa, kwa sababu namfahamu kijana aliyelipa karo yote katika shule yenye bango zuri na malori yanayong'aa, na siku ya kuomba mtihani akaambiwa jina la shule hiyo halimo.

Kwa lori la tela, yaani daraja A, mitihani ya nadharia ni mitatu: maarifa ya jumla, breki za upepo yenye maswali 25, na magari ya kuunganishwa yenye maswali 20, yote kwa asilimia 80. Mtihani wa mizigo ya hatari una maswali 30, na huo hauruhusiwi kuufanya mpaka umalize mafunzo yake ya darasani. Uache mpaka utakapopata leseni. Umri ni miaka 18 kwa kuendesha ndani ya jimbo, na miaka 21 kwa kuvuka majimbo.

Niongeze jambo moja ambalo hukuliuliza. Kibali na leseni ya kawaida ya biashara hutolewa kwa raia na kwa wakazi wa kudumu, wenye ile inayoitwa kadi ya kijani. Ambaye hajaipata, hata kama yupo kihalali kwa hadhi ya ukimbizi au kwa kibali cha kazi, huangukia kundi jingine la leseni, ambalo Wizara ya Uchukuzi ya Marekani imekuwa ikilibana tangu Septemba 2025, na suala hilo limefika hadi mahakamani. Kama uko katika kundi hilo, nenda ofisi ya leseni ya jimbo lako na karatasi zako mkononi, uulize, kabla hujalipa karo yoyote.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, nilizaliwa Bukavu, nilisoma kwa Kifaransa. Kiingereza changu ni cha kazini kiwandani, nakisikia kuliko ninavyokisoma. Je, naweza kufanya mtihani kwa Kiswahili, au kwa kuwa na mkalimani?
Mama wa watatu, Des Moines, Iowa

JIBU: Dada yangu, mkalimani haruhusiwi kwenye mtihani wa nadharia wala wa vitendo, na mtihani wa vitendo hufanywa kwa Kiingereza peke yake. Kwa miaka mingi kanuni za shirikisho ziliyaachia majimbo nafasi ya kutoa mtihani wa nadharia kwa lugha nyingine, na yapo yaliyoitumia, hasa kwa Kihispania. Hata hivyo mimi nakushauri usiitafute njia hiyo hata pale ambapo ingepatikana.

Sababu yangu ni hii. Kanuni za shirikisho zinamtaka dereva wa lori aweze kusoma na kuzungumza Kiingereza kiasi cha kuongea na watu, kuelewa alama za barabarani, kujibu maswali ya maofisa na kujaza taarifa zake za kazi. Kanuni hiyo ni ya zamani, lakini kwa miaka kadhaa ilitekelezwa kwa ulegevu, na dereva aliyeshindwa alipewa karatasi ya kosa akaendelea na safari. Tarehe 28 Aprili 2025 Rais wa Marekani alitoa amri ya kuikazia, na tangu tarehe 25 Juni mwaka huohuo, dereva anayeshindwa kujibu kwa Kiingereza anapokaguliwa barabarani husimamishwa palepale, na lori haliendi mpaka aje dereva mwingine. Ofisa humhoji kwanza kwa mazungumzo ya kawaida kuhusu safari, mzigo na karatasi zake, kisha humwonyesha alama za barabarani aeleze maana yake, na dereva haruhusiwi kutumia mkalimani wala programu ya kutafsiri kwenye simu. Kwa hiyo Kiingereza utakachokikwepa kwenye chumba cha mtihani kitakungojea mizani.

Habari njema ni kwamba Kiingereza kinachotakiwa si cha gazeti. Ni maneno mia chache yanayorudiwarudiwa, na mengi ni ya vitu vinavyoshikika. Nunua daftari la kurasa mia moja. Kila siku soma kurasa mbili za mwongozo, si zaidi, na kila neno usilolijua liandike kushoto, kisha kulia andika maana yake kwa lugha inayokujia kwanza, iwe Kiswahili, Kifaransa au Mashi. Halafu shuka uegesho wa magari, simama mbele ya gari lolote, gusa tairi na useme jina lake kwa Kiingereza, gusa taa, gusa mpira wa maji, gusa nati ya gurudumu. Jirani watakushangaa kwa siku mbili tu. Zoezi hili lina faida ya pili, kwani sehemu ya kwanza ya mtihani wa vitendo ni hiyohiyo: unazunguka lori ukimtajia mtahini kila kifaa na unachokikagua, kwamba hakijapasuka, hakijalegea wala hakivuji.

Kwenye chumba cha mtihani, hatari kubwa si maneno makubwa bali madogo. Neno "not" likijificha katikati ya swali linageuza kila kitu, na vivyo hivyo "except", lenye maana ya isipokuwa. Wengi wanaokosa swali la aina hiyo walikuwa wanalijua jibu. Walichagua jambo la kweli wakati swali lilitaka lile lisilo la kweli. Kwa hiyo soma swali mara mbili, weka kidole kwenye kioo chini ya neno la kukanusha, ndipo uangalie majibu. Na kwa kuwa unasikia kuliko unavyosoma, uliza ofisi ya leseni kama unaweza kufanya mtihani wa kusikiliza, maana kanuni zinaruhusu utolewe kwa maandishi, kwa sauti au kwa mashine.

SWALI: Maarifa ya jumla nimefaulu, lakini breki za upepo zimenishinda. Kuna 125, kuna 100, kuna 55, kuna 20 na 45, kuna 3 na 4. Nazikariri usiku, asubuhi zimechanganyika. Je, naweza kuuruka mtihani huo?
Msomaji, Grand Rapids, Michigan

JIBU: Unaweza kuuruka, ila leseni yako itawekewa zuio la kutoendesha gari lenye breki za upepo, na malori ya tela karibu yote yana breki hizo. Ungekuwa umetafuta leseni isiyo na kazi. Tuzipange tarakimu hizo badala ya kuzikimbia. Zinachanganyika kwa sababu unazikariri kama namba za simu, wakati zenyewe ni hadithi moja ya upepo unaopanda na kushuka.

Jione umekaa kwenye kiti cha dereva. Mbele yako kuna vitufe viwili vya kuvuta na kusukuma: cha manjano chenye umbo la almasi ni cha breki ya kuegesha, na chekundu chenye pembe nane ni cha kupeleka upepo kwenye tela. Umewasha injini. Kompresa inajaza matangi na mshale wa geji unapanda. Ukifika karibu paundi 125 za msukumo kwa kila inchi ya mraba, unasikia mlio mfupi wa upepo ukipumuliwa: gavana, yaani kifaa kinachoiongoza kompresa, imeizuia isijaze zaidi. Ukitumia breki na upepo ukashuka hadi karibu paundi 100, gavana inairuhusu kompresa ianze tena. Hizo ndizo 125 na 100, dari na sakafu ya siku ya kawaida.

Sasa matangi yamejaa. Magurudumu umeyawekea vigingi, unazima injini, unasukuma vitufe vyote viwili ili breki ziachie, na unatazama geji kwa dakika moja bila kugusa kitu. Upepo lazima utavuja kidogo. Swali ni kiasi gani. Kwa lori moja kisizidi paundi 2 kwa dakika, na kwa lori lenye tela kisizidi 3, kwa kuwa tela limeongeza mipira na maungio. Kisha unakanyaga pedali ya breki na kuishikilia dakika nzima: sasa upepo umeingia hadi kwenye vyumba vya breki, mahali pa kuvujia pameongezeka, kwa hiyo unaruhusiwa paundi 3 kwa lori moja na 4 kwa lenye tela. Ukiona kwamba kila kinapoongezwa kitu, iwe tela au mguu kwenye pedali, kiwango kinapanda kwa paundi 1, hutazichanganya tena.

Unageuza ufunguo bila kuwasha injini, na unaanza kukanyaga na kuachia pedali, kukanyaga na kuachia, upepo ukipungua. Kabla haujashuka chini ya paundi 55, taa nyekundu lazima iwake, na kwa kawaida king'ora hulia. Ziko nakala za zamani za mwongozo zinazosema 60, kwa hiyo fuata iliyoandikwa kwenye nakala ya sasa ya jimbo lako. Endelea kupampu. Mahali fulani kati ya paundi 45 na 20 vitufe vinaruka nje vyenyewe kwa kishindo, na ukiwa karibu na gurudumu utasikia springi zikifunga breki. Hapo ndipo penye siri ya mfumo mzima: breki ya kuegesha haishikwi na upepo, inashikwa na springi yenye nguvu, na kazi ya upepo ni kuikandamiza springi hiyo ili gari liweze kutembea. Upepo ukiisha, springi inashinda. Dereva anayelielewa hilo atajibu maswali mengi bila kukariri chochote, likiwemo lile la kwa nini lori lililopasuka mpira wa upepo husimama lenyewe na kukataa kusogea.

Mipira inayokwenda kwenye tela ni miwili: wa buluu ni wa breki za kawaida na mwekundu ni wa dharura. Ile breki ya mkono ya tela iliyo karibu na usukani haitumiki kuegesha kamwe, kwa kuwa inategemea upepo, na upepo utavuja ukiwa umelala. Umbali wa kusimama nao huongezeka, kwani upepo huchukua muda kusafiri kutoka kwenye pedali hadi kwenye gurudumu. Kwa maili 55 kwa saa ucheleweshaji huo huongeza kama futi 32, na zile futi 419 tulizozitaja juu zinapita 450.

Ukiweza, usiyasome haya ukiwa umekaa mezani. Muombe mtu mwenye lori akuruhusu ukae kwenye kabini nusu saa Jumapili moja, ulifanye zoezi zima kwa mikono yako, huku ukisema kila tarakimu inapotokea kwenye geji.

SWALI: Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu anauza majibu ya mtihani. Wengine wanatumia programu za mazoezi za simu. Je, ni sawa?
Msomaji, Dallas, Texas

JIBU: Ni mambo mawili tofauti. Programu za mazoezi ni halali, na zinasaidia kupima kama umeelewa, mradi ulianza na kitabu. Ukianza nazo utazoea sura ya swali, na likibadilishwa maneno utapotea. Mimi humwambia mwanafunzi asiziguse mpaka amalize kusoma, na kwa kila swali analolikosa arudi kwenye mwongozo atafute aya yenyewe. Anayeuza majibu ni tapeli au mhalifu, mara nyingi vyote viwili, kwa sababu maswali huchanganywa na wewe hutapata yale aliyokuuzia. Mtu akitiwa hatiani kwa udanganyifu katika mtihani huu hupoteza kibali au leseni, na hawezi kuomba tena kwa angalau mwaka 1.

SWALI: Mdogo wangu yuko Nairobi na ana leseni ya daraja CE, anaendesha tela la Mombasa hadi Malaba. Wakala mmoja amemwambia kwamba akilipa ada atabadilishiwa leseni hiyo kuwa CDL akiwa hukohuko Kenya, kisha asafiri kwenda kwenye kazi iliyokwisha kuandaliwa. Je, inawezekana?
Msomaji, Houston, Texas

JIBU: Haiwezekani. Leseni za lori za kigeni ambazo Marekani inazitambua ni za Kanada na Meksiko tu. Ya Kenya, pamoja na uzoefu wote ulio nyuma yake, haibadilishwi kuwa CDL, na hakuna mtihani wa leseni hiyo unaofanyika Nairobi, kwa kuwa hutolewa na majimbo ya Marekani yenyewe. Mdogo wako akijaliwa kufika huko kwa njia halali atapita njia ileile ya wengine: cheti cha afya, nadharia, siku 14, shule, vitendo. Anachoweza kukifanya sasa, bila gharama, ni kupakua mwongozo wa jimbo analolifikiria na kuusoma jioni akiwa kwenye foleni ya Malaba. Wakala huyo asimlipe hata shilingi, na kama ameshalipa, atunze risiti na ujumbe wote wa simu, aende kituo cha polisi.